Qadar Haifuti Fidia

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu na akaifanya damu yake, mali yake na heshima yake kuwa vitu vitukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ammaa baad. Ndugu zangu wa kiume na wa kike.

Nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo sisi Waislamu wa Kampala tunalitamka kwa nia njema, lakini linatumika kuwadhulumu watu. Neno lenyewe ni qadar. Kibarua akianguka kutoka juu ya jengo kule Ntinda, mashine ya kusaga ikimkata kijana vidole Kisenyi, au cheche ya chuma ikimpofua jicho fundi wa Katwe, huwa tunakwenda kumjulia hali. Tunakaa kando ya kitanda, tunamwombea shifaa, kisha mkubwa mmoja anasema: "Mwanangu, vuta subira. Hii ni qadar ya Mwenyezi Mungu." Sote tunaitikia. Tajiri wake naye, aliyekuja na mfuko wa matunda na bahasha yenye noti mbili tatu, anaitikia kwa sauti kubwa kutushinda wote. Baada ya hapo bahasha haiji tena. Kijana akitoka hospitali anakuta nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine mwenye mikono miwili.

Neno lile ni la kweli. Kuamini qadar ni nguzo ya imani, na anayeikana hana imani. Lakini tujiulize: je, jambo likiwa qadar, haki ya aliyeumia inafutika? Hapa ndipo penye maneno yetu ya leo, na jibu limo ndani ya Kitabu chenyewe.

Tazameni Suratun Nisaa, aya ya 92. Mwenyezi Mungu anazungumzia Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa makosa, bila kukusudia. Kuna jambo gani liko katika qadar kuliko kifo ambacho hakuna aliyekikusudia? Marehemu ajali yake ilikuwa imefika, na aliyemuua hakutaka. Pamoja na hayo, Mwenyezi Mungu hakusema basi yaishe kwa kuwa ni qadar. Aliamrisha kafara, na akaamrisha diya ikabidhiwe watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiamua kuisamehe iwe sadaka. Yule aliyeandika ajali ndiye aliyeandika na fidia. Anayeishika qadar akaiacha diya ameamini nusu ya aya.

Tena angalieni msamaha umewekwa mikononi mwa nani. Haukuwekwa kwa aliyesababisha kifo, wala kwa sheikh wa mtaa, wala kwa mwenyekiti wa LC1. Umewekwa kwa wenye haki, na umekuja baada ya haki kutajwa. Katika madhhab ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu hapa Uganda tumelelewa nayo, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu hawezi kusamehe haki ambayo hajui kiasi chake. Sasa mjane anayeletewa karatasi ya Kiingereza siku ya tatu ya msiba, akaambiwa atie dole gumba ili apewe gharama za mazishi, amesamehe nini? Hajui alikuwa anadai kiasi gani. Hajui hata kwamba alikuwa anadai. Kitu cha namna ile tusikiite msamaha mbele ya Mola wetu.

Ndugu zangu, Uislamu haukuishia kwenye uhai peke yake. Ulishuka mpaka kwenye kiungo kimoja kimoja. Mtume (S.A.W.) alimtuma Amr bin Hazm (R.A.) Yemen akiwa na barua ya hukumu. Katika barua hiyo, ambayo Imam Malik na Imam Nasai wameipokea, viungo vya mwanadamu vimetajwa na diya yake: jicho moja ngamia 50, mkono mmoja 50, mguu mmoja 50, kila kidole ngamia 10, kila jino ngamia 5. Hiyo ni karne ya saba. Miji mikubwa ya viwanda ilikuwa bado haijazaliwa, na kidole cha mtu tayari kilikuwa na hesabu yake katika sheria.

Kuna kisa juu ya vidole hivyo ambacho Imam Shafi'i amekitaja katika kitabu chake ar-Risala. Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa akivitofautisha vidole kwa kuangalia manufaa yake. Kidole gumba alikipa ngamia 15, kidole cha mwisho alikipa 6, na vingine kati ya hapo. Ilikuwa ijitihadi ya mtu mwadilifu. Lakini ilipopatikana barua iliyokuwa kwa jamaa wa Amr bin Hazm, Waislamu waliiacha hukumu ya Umar wakaifuata barua. Shafi'i anaeleza kwamba Umar mwenyewe, lau barua ile ingemfikia, angeifuata. Hakuna aliyeona kwamba Umar ametukanwa. Kwa hiyo sheria iliyowekwa na wanadamu, hata wakiwa wema, hurekebishwa inapodhihirika kwamba mwenye haki hapati haki yake kamili. Anayedai marekebisho ya sheria hafanyi fitina. Anafuata njia ya wema waliotangulia.

Sasa tuje nyumbani. Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Wengi wetu tumefika chuo kikuu bila kuisikia, basi tuipitie kwa ufupi.

Sheria hii inasema mfanyakazi akipata ajali inayotokana na kazi yake na akiwa kazini, mwajiri ndiye anayewajibika kumlipa. Inasema fidia italipwa hata kama mfanyakazi mwenyewe alikuwa na uzembe. Inahesabu pia ajali inayompata akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kurudi. Akifa, au akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Akipoteza sehemu ya uwezo wake, daktari hutathmini, na anapata asilimia ya kiasi hicho kulingana na jedwali la viungo lililo ndani ya sheria. Inamlazimu kila mwajiri kukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja, au ndani ya miezi mitatu tangu dalili zionekane ikiwa ni maradhi yatokanayo na kazi. Na mwajiri anatakiwa kumwarifu ofisa wa kazi.

Ukisoma jedwali lile la viungo utakumbuka barua ya Amr bin Hazm. Msingi ni mzuri. Basi mbona waliokatika vidole bado wako nje ya misikiti yetu siku ya Ijumaa wakinyoosha mkono?

Kwanza, fidia yote imetegemezwa kwa mtu mmoja, yaani mwajiri. Akiwa amekata bima kama sheria inavyotaka, kuna matumaini. Asipokata, akifilisika, akifunga karakana usiku mmoja na kuhamia mji mwingine, mfanyakazi anabaki na haki iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi na hana wa kumlipa. Kwenye majengo mengi ya mji huu kibarua hajui hata anamfanyia kazi nani. Mwenye kiwanja amempa mkandarasi, mkandarasi amempa fundi mkuu, fundi mkuu ndiye aliyemwita kwa simu asubuhi. Siku ya ajali kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliporomoka ikaua vibarua. Septemba 2021 jengo liliporomoka hapa hapa Kisenyi na watu wakafa. Kila mara tunahesabu maiti kwa siku chache, kisha tunaendelea kumwaga zege.

Pili, kiasi chenyewe. Chukueni mfano wa kijana wa miaka 23 anayepata shilingi 250,000 kwa mwezi, akavunjika uti wa mgongo asiweze kufanya kazi tena. Miezi 60 mara 250,000 ni shilingi milioni 15. Kwa mtu anayezipokea kwa mkupuo, ni fedha nyingi. Lakini miezi 60 ni miaka mitano. Kijana huyu alikuwa na miaka 37 ya kufanya kazi kabla ya kufika 60. Mtoto wake aliyezaliwa mwaka wa ajali atakuwa hajaanza darasa la kwanza fedha zikiwa zimekwisha. Na kumbukeni kwamba hesabu hii inategemea mshahara, katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Mshahara mdogo huzaa fidia ndogo. Aliyepunjwa akiwa mzima anapunjwa tena akiwa kilema.

Tatu, sheria imeandikwa kwa lugha ambayo aliyeandikiwa haisomi, na mwezi mmoja wa kutoa taarifa unakwisha angali amelala Mulago. Hana mkataba. Hana hati ya mshahara. Wenzake walioshuhudia wanaogopa kufukuzwa.

Hapa mwanafunzi makini wa fiqhi atanisimamisha, na ana haki. Atasema: mbona iko hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba mwenye kufa kisimani au mgodini hana wa kumlipia? Mbona wanazuoni wakaeleza kwamba mtu akimwajiri mwingine amchimbie kisima, kisima kikamporomokea, mwenye kisima hadaiwi diya? Je, hatuleti sheria ya watu tukaivika kanzu?

Tusilikimbie swali hili. Jibu lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kwamba hukumu ile inamhusu ambaye hakufanya uadui wala uzembe. Wanazuoni wametofautisha kati ya aliyechimba kisima kwenye ardhi yake na aliyechimba njiani watu wanapopita. Wa pili anadaiwa, kwa sababu amesababisha madhara kwa kuvuka mpaka. Tajiri anayetoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka, anayempandisha mtu ghorofa ya nne bila mkanda, anayejua ukuta una ufa na akamwambia kibarua achimbe chini yake, huyo ametoka kwenye hukumu ya mwenye kisima asiye na kosa. Hadithi ya 32 katika Arubaini ya Imam Nawawi, inayokataza kudhuru na kulipizana madhara, inamkabili uso kwa uso.

Sehemu ya pili ni mkataba. Mwenyezi Mungu anafungua Suratul Maidah kwa kuwaamuru walioamini watimize mikataba. Na katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Waislamu wanafungwa na masharti yao maadamu hayahalalishi haramu wala kuharamisha halali. Anayeajiri mtu Uganda anaajiri chini ya sheria inayojulikana. Fidia ni sehemu ya makubaliano, hata kama hayakuandikwa. Kuchukua kazi ya mtu na kuliacha sharti lake ni kula nusu ya mkataba.

Sehemu ya tatu ni kanuni ambayo Mtume (S.A.W.) ameifundisha katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba faida inakwenda na dhamana. Mwenye kula faida ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Mashine ikisaga magunia mia moja, faida ni ya nani? Basi ikisaga vidole, isiwe hasara ni ya kijana peke yake.

Na sasa tufike kwenye jambo ambalo naamini Waislamu wa nchi hii tunaweza kulisema kwa sauti iliyo yetu. Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akamrushia mwenzake jiwe, akamuua pamoja na mimba yake. Mtume (S.A.W.) alihukumu diya ya yule mwanamke ilipwe na aqila, yaani jamaa wa upande wa baba wa aliyeua, na kwa ajili ya mimba akahukumu malipo yake mbali. Hukumu ya aqila ina hekima kubwa. Mauaji ya makosa hayakutarajiwa, na diya ni mzigo unaoweza kumvunja mtu mmoja. Kama ingeachwa kwake peke yake, mara nyingi asingeweza, na wafiwa wangekosa. Kwa hiyo mzigo ukagawanywa, kila mmoja akatoa kidogo, na mwenye haki akapata haki yake kamili.

Alipokuja Umar (R.A.), dola ikapanuka na watu wakaandikwa katika diwani, yaani daftari la wanaolipwa na serikali. Umar akaweka diya ilipwe kwa miaka mitatu. Wanazuoni wa Kihanafi wakachukua kutoka kwake kwamba walioandikwa pamoja katika diwani moja ni aqila ya mmoja wao, diya inakatwa kwenye posho zao. Tazameni safari hiyo: kutoka ukoo mpaka daftari la mishahara. Kilichobadilika ni namna ya kukusanya. Kusudio ni lile lile, kwamba mwenye haki asitegemee mfuko wa mtu mmoja.

Majirani zetu wamefika karibu na hapo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na tangu Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafanya kazi Tanzania Bara. Kila mwajiri anachangia asilimia ndogo ya mishahara anayolipa, ambayo siku hizi ni nusu ya shilingi kwa kila shilingi mia. Mfanyakazi hakatwi kitu. Anapoumia anadai kwenye mfuko wa wote, hadai kwenye mfuko wa suruali ya tajiri wake. Na aliyelemaa kabisa anapata pensheni ya kila mwezi, ambayo haiishi kwa mkupuo. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2007, imeweka mapato ya miezi 96 pale sisi tulipoweka 60, ingawa bado inategemea bima ya kila mwajiri.

Wako watakaosema Uganda haiwezi. Lakini mwaka 2022 sheria ya NSSF ilirekebishwa ili kila mwajiri achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Njia ya kukusanya tunayo. Ila msichanganye mambo. Kile anachopata mwanachama wa NSSF anapolemaa ni akiba yake mwenyewe, anarudishiwa kilicho chake. Fidia ni kitu kingine. Tunachotaka ni mfuko wa fidia wa taifa ambao waajiri wote wanachangia, unaomlipa aliyeumia hata kama tajiri wake ametoroka, na unaompa aliyelemaa kabisa malipo ya kila mwezi. Na kwa wale ndugu zetu wenye mashaka ya kisheria juu ya bima ya biashara, mfuko wa kusaidiana wa namna hii uko karibu zaidi na aqila, na uko ndani ya amri ya kusaidiana katika wema iliyomo katika Suratul Maidah, aya ya 2.

Mwingine atasema: sisi Waislamu tuna zaka na sadaka, tutamchangia ndugu yetu baada ya swala. Mwenyezi Mungu azikubali sadaka zenu. Lakini sadaka haichukui nafasi ya haki. Aliyekatwa mkono kazini ni mdai. Tunapompitishia kofia msikitini huku haki yake iko kwa tajiri aliyeketi safu ya mbele, tumemgeuza mdai kuwa ombaomba, na mdaiwa tumemwacha apewe sifa kwa kutoa noti ya kwanza. Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj, amesimulia kwamba Umar (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiombaomba kwa sababu ya uzee na haja. Hakuishia kumpa sadaka akaenda zake. Alimpeleka kwa mtunza hazina akaamuru yeye na wanaofanana naye waangaliwe, kwa kuwa si uadilifu kuula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Umar alibadilisha utaratibu. Na mzee yule hakuwa Muislamu, ili tusije tukadhani haki hii ni ya watu wetu peke yao.

Ndugu zangu wanafunzi, nina maneno mawili ya mwisho kwenu.

La kwanza ni zito. Wengi wetu hapa karo zetu zinatoka kwenye maduka, karakana, majengo na malori ya wazazi wetu. Wabeba mizigo wa Kikuubo na vibarua wa Kawempe wamo ndani ya ada tunayolipa. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ukienda likizo, kaa na mzee wako kwa adabu, umuulize: "Baba, wafanyakazi wetu wana bima? Yule aliyeumia mwaka jana tulimalizana naye vipi?" Usimhukumu, muulize. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasiloliweza. Na katika hadithi al-Qudsi iliyomo katika Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyeajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Usimwache mzazi wako akutane na hasimu huyo ilhali wewe umesoma na ukanyamaza.

La pili ni jepesi, na kila mmoja analiweza. Katika Suratul Baqarah, aya ya 282, Mwenyezi Mungu anapoamrisha madeni yaandikwe, anamkataza mwandishi asikatae kuandika kama alivyofundishwa na Mola wake. Katika mji huu, sisi ndio waandishi. Kijana wa Kisenyi hajui Kiingereza cha sheria, sisi tunakijua. Basi jumuiya yetu ianzishe zamu ya waandishi kila Jumamosi kwenye msikiti mmoja wa mtaani. Wanafunzi wa sheria waandike taarifa ya ajali kabla mwezi haujaisha: jina, tarehe, saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanyika, jina la msimamizi, mashahidi. Nakala moja iende kwa mwajiri, moja kwa ofisa wa kazi, moja ibaki kwa mwenyewe. Wanafunzi wa udaktari wamweleze umuhimu wa kutunza kila karatasi ya hospitali. Wenye simu nzuri wampigie picha mahali pa ajali, na wamsaidie kutoa kumbukumbu za malipo aliyokuwa akitumiwa kwa simu, maana hizo ndizo hati za mshahara za asiye na hati. Na sisi wa masomo ya Kiislamu tupande mimbari, tuwaombe maimamu wetu kutoka Old Kampala mpaka Kibuli khutba moja tu kwa mwaka juu ya haki ya aliyeumia kazini, kwa Kiswahili na kwa Luganda. Kisha tukusanye taarifa hizo, bila kutaja majina ya watu, tuwapelekee wabunge wetu pamoja na ombi la mfuko wa taifa. Mbunge anaweza kuipuuza hotuba ya mwanafunzi. Ni vigumu kupuuza daftari lenye ajali mia zilizoandikwa tarehe.

Na siku tutakapokwenda tena kumjulia hali aliyeumia, tusiache kumkumbusha subira. Tumwambie ni qadar, na tumwombee. Kisha mmoja wetu atoe kalamu amuulize: ilikuwa tarehe ngapi?

Ewe Mola wetu, waponye walioumia wakitafuta riziki ya halali, warehemu waliokufa chini ya vifusi na mashine, wape subira wajane na mayatima wao, na uwape haki zao hapa duniani kabla ya Siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Walainishe nyoyo matajiri wetu, waongoze watunga sheria wetu, na utujaalie sisi tuliofundishwa kuandika tusikatae kuandika. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.